Umehamia, au umelowea?

Jumamosi, jioni.

Neno walowezi nalijua tangu shule ya msingi: Wazungu waliotwaa ardhi nzuri ya Kenya. Lakini kitenzi chake, kulowea, sikuwahi kukisikia kinywani mwa mtu hadi leo, uani kwa bibi jirani yangu hapa Chamwino, tukichambua mlenda.

Nilikuwa namsimulia nilivyokuja Dodoma mwaka 2017, ofisi yetu ilipoifuata Serikali kutoka Dar es Salaam. Akanitazama. "Umehamia, mjukuu wangu, au umelowea?"

Kulowea ni kufika ugenini ukakaa moja kwa moja. Bibi ameujua uzito wake akiwa msichana. Mwaka 1971, wakati wa Operesheni Dodoma, familia yake ilitolewa kwenye tembe lao ikapelekwa kijiji cha ujamaa, nyumba zimepangwa kwa mstari. "Tulihamishwa," anasema, na mwisho wa neno anaukazia. Miaka 2 baadaye ikaamuliwa makao makuu ya nchi yaletwe Dodoma, na wao walikuwa bado hawajazoea hata njia ya kisimani.

Kila mvua zilipokaribia, baba yake alirudi mahameni kulima. Mahame, yaani pale walipohama. Zizi la zamani lilikuwa kule, na samadi ya miaka mingi imelala chini. Huku kijijini udongo ulikuwa mwekundu mtupu, uwele unatoka mwembamba kama nyasi. Nchi hii mvua yake ni ya Desemba hadi Aprili tu, tena ya kubahatisha. Ukikosea shamba, umekosea mwaka mzima.

"Sasa mlilowea lini, Bibi?"

Akafikiri kidogo, mkono umebaki ndani ya ungo. "Zizi la huku lilipojaa."

Nimekaa na jibu hilo jioni yote. Kuhama kuna kuhamisha na kuhamishwa, mtu huweza kuamriwa. Kulowea sijasikia mtu akimfanyia mwenzake. Kuloweshwa ni jambo jingine kabisa, ni kutiwa maji.

Swali lake sikulijibu. Likizo ikifika bado nasema naenda nyumbani, nikimaanisha Temeke. Naye hakunisukuma. Aliinuka, akanionyesha zizi kwa kidevu, akasema kesho nije na toroli nichote samadi, niiweke kwenye mizabibu yangu kabla mvua hazijaanza.