Jinsi nilivyoitambua Super Cub isiyokuwa na karatasi

Ukipewa ndege ya zamani isiyo na karatasi, usianze kuihoji injini. Injini hung'olewa na kubadilishwa kama tairi za matatu. Nenda kwenye mifupa, yaani fremu, halafu urudi kwenye historia ya kiwanda uone mifupa ile inaangukia mwaka gani na modeli gani. Ndivyo nilivyoitambua Super Cub moja, ndege ndogo ya kampuni ya Piper, iliyokuwa imelala nyuma ya hanga pale uwanja wa ndege wa Wilson, Nairobi, mabawa yameegemezwa ukutani na kitambaa chake kimechanikachanika.

Mwenyewe aliirithi kwa mjomba wake, pamoja na daftari moja tu la injini. Kibati cha mtengenezaji hakikuwepo.

"Fundi, wote wananiambia hii ni Super Cub 150. Ni kweli?"

Kwa macho tu ungesema ndiyo. Puani palikuwa na injini ya Lycoming O-320 ya nguvu farasi 150, na mabawa yalikuwa na flapu (vile vibao vya nyuma ya bawa vinavyoteremshwa wakati wa kutua) na tangi mbili za mafuta. Na Super Cub kwetu si ngeni. Ndege hizi zimepiga doria Tsavo miaka na miaka, kwa sababu zinaruka polepole na hutua mahali pasipo uwanja.

Nikaanza mbali kidogo. Ukoo huu ulianzia Pennsylvania, Marekani, mwaka 1930, C. G. Taylor alipotengeneza E-2 Cub. Kampuni yake ilipofilisika, William Piper aliinunua mali yake kwa dola 761, bei ambayo leo hainunui hata propela. Mwaka 1936 ikaja J-2, kiwanda cha Bradford kikaungua mwaka 1937, kazi ikahamia Lock Haven kwenye jengo lililokuwa kiwanda cha hariri, na huko ndiko J-3 ilikozaliwa mwaka 1938. J-3 ndiyo ile ya manjano yenye radi nyeusi ubavuni ambayo kila mtu anaifahamu. Hadi ilipokoma mwaka 1947 zilikuwa zimetoka karibu 20,000, ukihesabu na L-4 za jeshi.

Kuiondoa J-3 kwenye orodha yangu hakukuchukua muda. Tangi lake kuu liko mbele ya kioo cha rubani, na kipimo cha mafuta ni waya tu uliosimama juu ya kifuniko, unashuka kadiri mafuta yanavyopungua. Kwa kuwa uzito huo uko mbele, rubani akiwa peke yake hukaa kiti cha nyuma ili ndege isiinamie pua. Mwaka 1947 ikaja PA-11: tangi likahamia kwenye bawa, rubani akahamia kiti cha mbele, na injini ambayo vichwa vya silinda zake vilikuwa nje ikafunikwa yote. Ndege yangu haikuwa na hata dalili ya tangi mbele ya kioo.

PA-18 yenyewe, yaani Super Cub, ilianza mwishoni mwa 1949, na hapa ndipo watu wengi wanapochanganya. Kulikuwa na 95, 105, 125, 135, na hatimaye 150 iliyokuja katikati ya miaka ya 1950. Namba hizo zinafuata nguvu za injini, ila si za kushikwa neno kwa neno: 95 inatumia Continental C90, injini inayoandikwa nguvu farasi 90. Tofauti yenye faida kwa fundi haiko kwenye injini. Hiyo 95 ni ya kimasikini: haina flapu, tangi ni moja, na eleveta zake, vile vibao vya mkiani vinavyoinua na kushusha pua, ni bapa zisizo na pembe za kusawazisha. Kuanzia 125 unakuta flapu, tangi mbili, na eleveta ambazo ncha zake zinachomoza mbele ya bawaba.

Nikaenda mkiani. Eleveta hazikuwa na pembe.

Basi nusu ya ndege inasema 150 na nusu inasema 95. Nikashika tochi na kuingia ndani, chini ya kiti cha mbele upande wa kushoto, pale mkono wa flapu unapofungwa. Kishikilio chake kilikuwa kimechomelewa, lakini mshono ulikuwa mnene wenye mabonge, wakati mishono mingine yote ya fremu ile ni myembamba na imelala vizuri. Mtu aliiongeza baadaye. Mabawa yale yalitoka kwenye ndege nyingine.

Kilichonisumbua kilikuwa kioo. Nyuma ya kiti cha abiria kioo kilirefuka kuelekea mkiani kuliko kwenye Super Cub yoyote niliyowahi kuifanyia kazi. Nikachukua kisu na kukwangua bati la alumini karibu na mlango: nyeupe, chini yake nyekundu, chini kabisa kijani cha jeshi.

Hapo nikakumbuka L-18C. Hii ni 95 iliyotengenezwa kwa ajili ya jeshi, yenye vioo vingi nyuma ili mtazamaji aone vizuri. Marekani iligawa nyingi kwa nchi rafiki za Ulaya, na majeshi yalipoziacha zikaingia kwenye vilabu vya urubani. Nikafungua waraka wa cheti cha aina namba 1A2, yaani waraka rasmi wa modeli zilizoidhinishwa, unaozikusanya Super Cub zote, nikakuta L-18C imeorodheshwa kama PA-19. Ndege ni ile ile, jina la kiwandani lingine.

Nikampigia mwenyewe simu, nikamwomba asome tena ukurasa wa kwanza wa daftari la injini.

"Imeandikwa PA-19, na namba inayoanza na 18. Lakini mjomba alisema huyo aliyeandika alikosea."

Hakukosea. Hizi PA-19 zilipewa namba za mfululizo ule ule wa PA-18, ndiyo maana inaanza na 18. Tulipoilinganisha namba na orodha ya zile za jeshi, ikaingia mahali pake.

Mwenyewe alinyamaza kidogo. Nadhani alikuwa akiwaza bei, maana jina la 150 huuza. Akauliza kama turudishe C90 ya asili. Nikamwambia hapana: Wilson iko zaidi ya futi 5,500 juu ya usawa wa bahari, na saa nane mchana, hewa ikiwa nyepesi, ndege yenye injini ndogo na watu wawili inapanda kwa kusuasua. Abaki na O-320, lakini kila kilichoongezwa, yaani injini, mabawa na ule mkono wa flapu, kipate karatasi zake za marekebisho yaliyoidhinishwa, na mshono ule ukatwe uchomelewe upya. Kwenye fomu, mahali pa aina ya ndege, tuliandika PA-19.