Siku 20 za kusimama: jinsi nilivyojifunza kuishi kwenye foleni za mpakani

Vijana wanaotaka kuingia kwenye kazi hii ya kuendesha malori ya masafa marefu huniuliza swali moja: kutoka Dar hadi Lubumbashi, Kongo, na kurudi ni siku ngapi? Wanategemea nitapiga hesabu ya kilomita. Mimi huwaonyesha daftari. Ni daftari la shule tu, la mistari, nimekuwa nalo kwenye kabati la kichwa cha gari tangu 2017. Safari moja niliyoandika humo, kwenda na salfa na kurudi na shaba, ilichukua siku 31. Siku ambazo magurudumu yalizunguka ni 11. Zile 20 nilikuwa nimesimama: Tunduma na Nakonde, mpaka wa Tanzania na Zambia; Kasumbalesa, mpaka wa Zambia na Kongo; uwanja wa kushushia, uwanja wa kupakilia, halafu mipaka ile ile wakati wa kurudi.

Hakuna aliyenifundisha kusimama. Nilipochukua leseni daraja E, ya magari makubwa, nilifundishwa kurudi nyuma na tela, nikafundishwa breki za upepo, na mizani nilishaijua tangu nikiwa utingo. Kumbe kusubiri ndiko kunakomaliza dereva, maana posho hutolewa kwa safari, haitolewi kwa siku. Ukikaa siku tatu Tunduma au siku tisa, fungu ni lile lile, na wewe na utingo wako mnakula kila siku. Mwaka wangu wa kwanza nilifika Kasumbalesa sina kitu. Nilikopa kwa dereva mwenzangu, tukawa tunashinda kwa chai na mkate, na nyumbani nikarudi na deni badala ya hela. Mama watoto hakunisema. Alichukua tu ile bahasha, akaihesabu, akaiweka juu ya kabati. Ningependa angenisema.

Mabadiliko yalikuja Mei 2020, wakati wa korona, Zambia ilipofunga mpaka wa Nakonde kwa siku kadhaa. Foleni ilikuwa ndefu kupita kiasi; mimi nilikuwa maeneo ya Mpemba, mjini Tunduma hata sikuoni. Watu wamechoka, tetesi kila saa, mara kesho watafungua, mara madereva wote watapimwa. Gari la mbele yangu lilikuwa la mzee mmoja kutoka Mbeya. Siku ya pili jioni nikasikia harufu ya maharage ya nazi. Nikachungulia. Lile sanduku la chuma la pembeni ya tela, ambalo sisi tunatupia minyororo na spana, yeye upande mmoja amelifanya jiko: mtungi mdogo wa gesi, sufuria mbili zimepangwa moja ndani ya nyingine, unga, dagaa kwenye kopo la rangi lililooshwa, dumu la maji la lita ishirini limefungwa kwa mpira. Nikamsalimia.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Karibu chakula, mdogo wangu. Hiyo posho umeikata mafungu mangapi?"

Nikamwambia sijaikata.

"Basi itakukata yenyewe."

Nilikula kwake siku ile, na kesho yake nikaenda mjini na bodaboda kununua sufuria. Tangu hapo posho naikata mafungu manne. La kwanza naliacha nyumbani siku ninapoondoka, kwa simu, kabla sijafika Chalinze, kwa sababu nikifika Morogoro nalo nitalikula. La pili ni la barabara ya Tanzania. La tatu nalibadilisha kuwa kwacha. La nne liko kwenye soksi ya mtoto ambayo mwenyewe haimtoshi tena, na haliguswi mpaka niwe nimeshavuka kurudi. Chakula napika. Nikiwa na salfa sipiki karibu na gari hata kidogo, maana inashika moto haraka na moshi wake unakaba; jiko linabebwa mbali, utingo anabaki na gari.

Jambo la pili nililojifunza ni kwamba foleni nyingine tunazibeba wenyewe kutoka Dar. Niliwahi kukaa siku nne Nakonde kwa sababu ya tarakimu moja. Namba ya tela kwenye karatasi ilikuwa na 6, tela langu lina 8. Aliyekosea alikuwa ofisini, mimi nikakaa kwenye vumbi, na siku zile nne hakuna aliyenilipa. Siku hizi sitoki yadi kabla sijasoma kila karatasi kwa kidole: namba ya kichwa, namba ya tela, namba ya kontena, namba ya lakiri ya mlangoni, naisoma kwa sauti huku utingo akiitazama ile yenyewe. Wanaonisubiri getini hukasirika. Wakasirike.

Usiku tunalala kwa zamu. Foleni ina tabia ya kusogea saa nane za usiku, na ukikutwa umelala, wenzako wanakupita. Tena kuna wanaonyonya mafuta. Yakipungua, unakatwa wewe.

Lakini kilichonibadilisha zaidi kilitokea mbali na mpaka. Wanaosema kazi hii ni hatari hutaja mlima Kitonga, ule mteremko mkali wa barabara ya Iringa kwenda Morogoro, na ni kweli, ila hatari ya Kitonga kwangu ilianzia Tunduma. Tulikuwa tunarudi na shaba. Kwa asiyeijua, shaba inadanganya macho: mabamba mekundu yamefungwa mafungu mafungu, yamekaa chini kabisa kwenye tela, gari linaonekana kama tupu. Na pale kuna tani thelathini hivi. Tulikuwa tumesimama siku sita, simu za ofisini zinapigwa, uko wapi, uko wapi, meli inasubiri. Nilipoachiwa nikaendesha kama mtu anayedai siku zake. Mbeya nikapita, Makambako nikapita, Iringa nikapita bila kulala.

Madereva wote wanajua gia uliyopandia ndiyo ya kushukia. Nilijua. Siku ile nikaingia Kitonga na gia moja juu zaidi, nikajiambia breki ya injini itashika. Haikushika vya kutosha, nikaanza kukanyaga breki, nikakanyaga tena. Utingo ndiye aliyeona kwenye kioo. Hakupiga kelele. Alisema tu, taratibu, "Kaka, tela linatoa moshi." Kulia ni ukuta wa jiwe, kushoto ni bonde, mbele kuna basi. Nilifanikiwa kushusha gia, nikaacha breki ipumue, tukateremka kama watu waliobeba yai, harufu ya breki imejaa ndani ya kichwa cha gari.

Tulisimama Ruaha Mbuyuni, pale wanapouza vitunguu. Utingo akakimbilia dumu la maji, nikamzuia; ngoma ya breki ikiwa ya moto ukaimwagia maji inapasuka. Tukakaa chini pembeni ya barabara mpaka zikapoa zenyewe. Mama mmoja muuza vitunguu akatuletea maji ya kunywa, wala hakuuliza kitu. Mikono ya kijana ilikuwa inatetemeka, akawa anaificha mapajani. Ana umri wa mdogo wangu wa mwisho.

Baada ya hapo niliweka utaratibu, na nimeushika. Nikivuka Tunduma kurudi, naandika ujumbe ofisini hapo hapo: nimevuka saa fulani, nalala Iringa, Kitonga nitashuka asubuhi. Naandika kwa sababu maneno ya simu hugeuka ugomvi, na maandishi yanabaki. Mara ya kwanza nilidhani nitafukuzwa. Jibu lilikuja neno moja: sawa. Asubuhi, kabla ya kushuka, nazunguka gari, nagonga matairi, nasogeza mgongo wa mkono karibu na kila ngoma kusikia joto lake, natazama geji ya upepo. Ndipo naweka gia ya chini.

Yule utingo sasa ameingia kozi ya udereva wa magari makubwa, anataka daraja E. Kabla hajaondoka aliniomba daftari anakili. Akakaa nalo jioni nzima kwenye foleni ya Kasumbalesa. Nilipolitazama daftari lake jipya, nikakuta ameandika mafungu manne ya posho, orodha ya vyombo, na namba za kukagua kabla ya kutoka yadi. Ya Kitonga hakuandika. Akasema, "Hiyo naikumbuka, kaka." Nikamwambia afungue ukurasa wa kwanza, aandike hiyo hapo, juu kabisa, na saa tuliyotoka Tunduma aiandike pia.