Wote Wawili

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Wiki hii nimesoma Luka 1 nikakwama kwenye maneno mawili: "wote wawili". Mstari wa 6, wote wawili walikuwa wenye haki mbele za Mungu. Mstari wa 7, wote wawili ni wazee sana, na mtoto hawana. Zakaria ni kuhani wa zamu ya Abiya, Elisabeti ni wa uzao wa Haruni. Luka hatuhesabii miaka waliyongoja. Ila Elisabeti mwenyewe anaiita hali ile aibu mbele ya watu (mst. 25), na sisi wenye mawifi na majirani tunajua aibu hiyo inavyosemwa.

Kwetu, ukoo unapoelezwa, husikia nani alinunua shamba, nani alisoma, nani alizaa wangapi. Babu na bibi mzaa mama hupewa sentensi moja: "Walikuwa watu wa kanisa." Basi. Lakini mimi nililala chumba cha pili. Alfajiri, koroboi haijawashwa, babu anaanza wimbo kwa sauti ya kukwaruza, bibi anamdakia ubeti wa pili, maana mzee hakujua kusoma na beti alizishika bibi. Kisha wanatutaja wajukuu kwa majina, kwa kufuatana tulivyozaliwa. Hata yule mchanga aliyekaa nasi siku tisa hakurukwa. Walimshukuru Mungu kwa siku hizo tisa.

Hayo hayamo kwenye historia ya ukoo.

Nikarudi kwa Luka. Mungu amewapa mtoto wa kiume uzeeni, na siku ya nane tangu azaliwe jamaa wamekuja na jina lao tayari, mtoto aitwe Zakaria kama babaye. Elisabeti anakataa: ataitwa Yohana. Wanambishia, mbona ukoo wenu hauna jina hilo! Wanamgeukia mzee, wakidhani atamkosoa mkewe. Tangu awe bubu kwa kutomwamini malaika aliyemletea habari ya mtoto huyo, miezi yote ile hajatamka neno, lakini kwenye kibao anaandika jina lile lile.

Ulimi ukafunguka, akamhimidi Mungu. Zakaria maana yake Bwana amekumbuka. Jina la Elisabeti limebeba neno kiapo. Sasa soma wimbo wa Zakaria, mstari wa 72 na 73: Mungu amelikumbuka agano lake, na kiapo alichomwapia Ibrahimu. Mume na mke wamo humo, wote wawili, mstari kwa mstari.