Historia ya Saadani: nilipofikia

Kazi ya kuandika historia ya Saadani imetoka kwenye vitabu na kuingia barazani. Sasa nakaa na wazee, daftari pajani, na narekodi kwa simu pale wanaporidhia. Kwa asiyeijua, Saadani ni kijiji cha wavuvi mkoani Pwani, kaskazini ya mdomo wa Mto Wami. Mbele ni bahari, huku kwingine kote ni hifadhi ya taifa. Ukipita leo kati ya nyumba za udongo na makuti, ni vigumu kuamini kwamba katika karne ya 19 hapa palikuwa bandari ya misafara, ikishindana na Bagamoyo na Pangani kugombea pembe za ndovu na sandarusi (utomvu mgumu wa mti). Watumwa nao walipitishwa hapa, na hilo nitaliandika kinagaubaga.

Swali linaloongoza kazi yote ni moja: nini kiliiangusha? Jibu la haraka ni Mjerumani. Kweli, Juni 1889 Wissmann, kamanda wa jeshi la Wajerumani, aliupiga mji kwa mizinga na kuuteka. Bwana Heri, mtawala wa Saadani, akarudi bara, akajenga maboma ya miti msituni na kupigana hadi Aprili 1890 alipokubali suluhu. Ila tazama kilichofuata: aliruhusiwa kuujenga mji upya, na watu wakarudi. Mji uliounguzwa ukasimama tena. Kwa hiyo nimeacha kuamini kwamba mizinga ndiyo iliyoimaliza Saadani.

Kwa maoni yangu, kilichoimaliza ni reli. Moja ilianza kujengwa Tanga mwaka 1893 na kuelekea Usambara. Nyingine ilianzia Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Morogoro 1907 na Kigoma 1914. Saadani ikabaki katikati bila hata kituo. Mzigo uliokuwa ukishushwa kwa vichwa vya wapagazi ukapanda behewa, na bandari isiyo na mzigo haina kazi. Hata reli ya kuunganisha Ruvu na Mnyusi, iliyokamilika 1963, ilipitishwa bara, mbali na pwani.

Sehemu iliyonivutia kuliko zote ni ya mbung'o, na huenda ikapata sura yake peke yake. Mwaka 1876 mmisionari Roger Price alitoka Saadani na ng'ombe wachache hadi Mpwapwa, kuona kama magari ya kukokotwa yangeweza kuchukua nafasi ya wapagazi. Ng'ombe walifika. Mwaka uliofuata wakaja wamisionari na magari kamili, na Alexander Mackay akasimamia kufyeka njia hadi Mpwapwa. Safari hii ng'ombe walikufa njiani kwa ugonjwa wa mbung'o, na magari yakaachwa. Laiti wangepona, pengine njia ile ingekuwa barabara kuu ya kwenda Ugogo, na Saadani ingekuwa mji mkubwa leo. Mdudu huyohuyo aliisumbua ranchi ya Mkwaja, kaskazini kidogo, hadi ikafungwa mwaka 2000. Ardhi yake ikaingizwa hifadhini, na hifadhi ikatangazwa rasmi 2005.

Wazee hawaanzii kwa Bwana Heri. Wao huanzia kwenye visima, minazi na mipaka: nani alilima wapi kabla ya eneo kuwa la wanyama. Bibi mmoja alinisimulia hayo huku akichambua uduvi juu ya mkeka, akitupa majani ya bahari pembeni bila kuyatazama. Alitaja mashamba ya ukoo wake kwa mpangilio, kama mtu anayehesabu watoto wake, na mengi ya hayo sasa ni pori. Hayo ndiyo nisiyoyapata maktabani, kwa hiyo nimeyapa nafasi kubwa kuliko vita.

Nimemaliza pia kupiga picha boma la Wajerumani. Paa halipo. Ukisogelea ukuta unaona mawe ya matumbawe yaliyoshikanishwa kwa chokaa, na ndani ya chokaa vipande vya makombe. Juu kuna matundu ya mraba zilipokaa boriti za mikoko. Mizizi imeingia kwenye nyufa na inazidi kuzipanua.

Naharakisha kwa sababu barabara ya lami ya Bagamoyo, Saadani, Pangani hadi Tanga inajengwa. Naifurahia kwa dhati, maana mgonjwa atafika hospitali na kamba watafika sokoni wakiwa wabichi. Lakini ardhi itapanda bei, wageni watajenga, na makaburi yasiyo na alama yatapotea kwanza. Kazi inayofuata, kabla ya masika, ni kuchora ramani ya makaburi na visima vya zamani pamoja na vijana wawili wa kijijini wanaoyajua maeneo. Kama babu au bibi yako alitoka Saadani, hasa ninyi mlioko Zanzibar na Tanga, muulizeni majina ya visima. Nayahitaji sana.