Siku Moja Maishani Mwangu: Kamera Asubuhi, Kengele ya Tatu Usiku

Saa 10:45 alfajiri. Mama ameniwahi kuamka. Jikoni kwetu, hapa Dombivli nje kidogo ya Mumbai, mchele bapa unakaangwa na vitunguu na manjano. "Kula kwanza, mwanangu. Treni haziishi." Ananiambia kwa Kiswahili, kama alivyokuwa akiniambia Upanga, Dar es Salaam, baba alipokuwa mhasibu huko. Tulirudi Maharashtra, jimbo letu hapa India, nikiwa na miaka 15. Lugha ilibaki nyumbani, na marafiki wa Dar bado wananiuliza hasa nafanya kazi gani. Mimi ni mwigizaji. Basi hii hapa Jumamosi yangu.

Saa 12:10 asubuhi. Treni ya kwenda Thane. Nimesimama karibu na mlango, mkono mmoja juu, mwingine umeshika simu yenye skripti. Imeingia jana saa 5 usiku, tena nusu tu. Sini mbili za mwisho zitaletwa seti zikiwa bado zina joto la printa. Tamthilia yetu inaonyeshwa kila jioni, siku 6 kwa wiki, na mwandishi naye ni binadamu.

Saa 1:00 asubuhi. Bajaji imenishusha studio, Ghodbunder Road. Kijana wa chai ananisalimia: "Dada, chai?" Mtu wa Dar angegeuka kumtafuta mwanamke. Kwa Kimarathi, lugha ya Maharashtra, dada ni kaka mkubwa, na kaka ni baba mdogo! Dada wa Kiswahili wao wanamwita tai. Miaka yote hii, nikisikia "dada" bado najisikia nimepokewa nyumbani mara mbili.

Saa 3:30. Leo namlilia mke wangu wa tamthilia, ambaye hayupo. Yule mwigizaji ana kazi kwenye seti nyingine, kwa hiyo upande wake utapigwa kesho. Msaidizi wa mwongozaji amebandika kipande cha utepe mweupe kwenye stendi ya taa, usawa wa macho. "Yupo hapo, dada." Nikaulilia utepe mara 4. Kwanza kamera ikiwa mbali, kisha karibu na uso, mara ya tatu kwa kuwa ndege ilipita juu ikaharibu sauti, ya nne ya akiba. Mara ya pili machozi yalikuja yenyewe. Ya nne niliyavuta.

Siidharau televisheni. Ndiyo iliyolipa hospitali ya baba, na ndiyo inayofanya bibi wa kijijini anishike mkono stendi ya basi anikanye nisimtese mke wangu. Lakini kazi ya leo nitalipwa baada ya siku 90, ndiyo desturi. Tamthilia moja niliyoicheza zamani ilizimwa ghafla, na jasho langu la miezi 3 halijalipwa hadi leo. Prodyuza hapokei simu. Wapo wenzangu wenye watoto shuleni waliofanyiwa vivyo hivyo, na hilo linaniuma kuliko la kwangu.

Saa 8:00 mchana. Chakula. Mama amepiga: filamu yangu imetoka jana, nina sini 5 ndani yake, alitaka kwenda na majirani. Jumba la karibu limeipa nafasi moja tu, saa 3 asubuhi. Filamu za Kimarathi zinapigania kioo na filamu kubwa za Kihindi ndani ya Maharashtra yenyewe. Nani anakwenda sinema saa 3 asubuhi? Mama amesema atakwenda.

Saa 12:00 jioni ndiyo niliyoahidiwa kuachiwa. Nimeachiwa saa 1:05. Ghodbunder Road saa hiyo ni malori, mashimo na honi, na mimi nimo kwenye bajaji nimefumba macho, nikipitia maneno ya mchezo wa usiku. Saa 1:55 nikaliona ziwa la Masunda na taa za Gadkari Rangayatan, ukumbi wa michezo ya jukwaani, kando yake. Mlangoni pameandikwa jina la mchezo wetu na namba: onyesho la 187. Huku namba ya onyesho ni heshima. Prashant Damle, mwigizaji wa jukwaa la Kimarathi, alifikisha maonyesho 12,500 mwaka 2022. Mimi nahesabu yangu polepole.

Harufu ya ukumbi ndiyo inayonitoa uchovu: kafuri, poda, na batata vada zikikaangwa kwa ajili ya mapumziko, zile ambazo Dar tungeziita kachori. Tunasimama wote mbele ya sanamu ya Nataraja, mungu Shiva akicheza ngoma, nazi inapasuliwa, wadogo wanagusa miguu ya wakubwa. Kengele ya kwanza. Ya pili. Kabla ya ile ya tatu nainama naigusa sakafu ya jukwaa kwa vidole, naviweka kwenye paji la uso.

Kila nikiigusa namkumbuka daktari Shreeram Lagoo. Alikuwa mpasuaji wa masikio, pua na koo, na miaka ya 1960 alifanya kazi Tabora. Ndiyo, Tabora yetu! Mwaka 1969 aliacha udaktari akaingia jukwaani moja kwa moja, akawa miongoni mwa waigizaji wakubwa kabisa wa Kimarathi. Baba alinisimulia habari hiyo siku nilipomwambia siendi kusomea uhasibu. Hakuongeza neno.

Kengele ya tatu. Pazia.

Sehemu ya pili ya mchezo, baba, ambaye ni mimi, anammenyea chungwa binti yake anayeondoka kesho. Hakuna maneno, karibu dakika nzima. Nyuzi nyeupe nazitoa mojamoja, harufu inafika safu ya mbele. Leo, katikati ya ukimya huo, simu ikalia ukumbini. Ikalia sana. Sikuinua macho. Nikaendelea kumenya, polepole zaidi, na binti akaongeza kiganja cha pili chini ya mkono wangu, jambo ambalo hatujawahi kulifanya mazoezini. Simu ikazimwa. Mtu akavuta pumzi gizani, kisha wengi. Utepe mweupe hauwezi kukupa kitu kama kile.

Saa 5:15 usiku. Nasugua mekapu kwa mafuta ya nazi. Meneja amenipa bahasha ya onyesho, malipo tunayoyaita naiti, usiku uleule. Vijana wa seti tayari wanapakia mlango na dirisha la nyumba yetu kwenye gari.

Saa 6:25 usiku. Treni ya kurudi, safari hii nimepata kiti. Kucha zangu bado zinanukia chungwa. Kesho tuna onyesho Pune saa 6:30 mchana, basi la kundi linaondoka saa 12 asubuhi. Nimemwandikia binti wa jukwaani: kiganja cha pili, tukibakishe.