Tembo wa Madoa

Rangi ya mafuta haitoki kwa maji. Nilikuwa nalijua hilo miaka mingi kabla sijamwona kijana wangu wa miaka minne amesimama uani na kichwa cha kijani, na ndiyo maana kila nikisimulia kisa hiki mke wangu hukatiza hapo hapo: "Alijua, na bado akawapa."

Nilijua, sikatai. Mimi ni dereva wa watalii hapa Dar es Salaam. Wageni wangu wengi walikuwa wa siku tatu nne, nawapeleka Mikumi nawarudisha, lakini kabla ya safari lazima niwapitishe Oysterbay, pale Morogoro Stores, wakaone wachoraji wa Tingatinga. Njiani nawapa hadithi, na nimeitoa mara nyingi kiasi kwamba naimaliza huku nabishana na bodaboda dirishani. Edward Saidi Tingatinga, kazaliwa 1932 huko Tunduru. Kaja mjini kutafuta maisha, kafanya kazi za kila namna, na mwaka 1968 hivi kaanza kuchora wanyama kwenye vipande vya hadibodi, kwa rangi ile ile watu waliyokuwa wanapakia baiskeli. Mwaka 1972 kapigwa risasi na polisi waliomdhania mhalifu. Miaka minne tu ya kuchora, nawaambia, na jamaa zake aliowafundisha wakafundisha wengine mpaka leo. Halafu naongeza lile la mwisho, ambalo nilikuwa nalipenda sana: raha ya picha hizi ni kwamba mnyama hafanani na yule mtakayemwona kesho mbugani. Wageni wanatikisa vichwa, wananunua.

Kushika brashi mwenyewe? Hata siku moja.

Machi 17, 2020 shule zikafungwa kwa ajili ya korona. Binti yangu alikuwa darasa la kwanza, hata miezi mitatu hajamaliza. Aprili ndege za abiria kutoka nje nazo zikasimamishwa, ingawa kwangu haikuwa na tofauti kubwa, maana wageni walikuwa wameshajitoa mmoja mmoja. Gari likakaa uani Tabata likila vumbi. Binti alikuwa ameandika jina lake kwa kidole kwenye mlango wa nyuma, herufi za futi nzima, S imegeuka inatazama nyuma. Sikulifuta, sina mgeni wa kumwonea haya.

Mama watoto ni muuguzi, kwa hiyo yeye kazi zilimwongezeka wakati mimi sina hata moja. Tulikuwa na utaratibu wetu. Akirudi anapitia geti dogo la uani, anakuta ndoo imejaa pale bombani, sabuni, na khanga kwenye kamba. Haingii ndani, hagusi mtu mpaka aoge kwenye lile bafu la nje. Watoto walilielewa ndani ya wiki moja. Mdogo alikuwa anamfuata mama yake hatua kama nne nyuma, anamsimulia habari za kutwa nzima, anafika mlango wa bafu anasimama, anaendelea kusimulia na mlango.

Mimi ndiye niliyebaki nao mchana. Ukisikia mwanaume anasema kukaa na watoto si kazi, mwachie wawili kwa wiki tatu, tena mvua za masika zinanyesha. Madaftari yalijaa, katuni zikarudiwa mpaka mdogo anazijua kuliko wenyewe waliozitengeneza. Ndipo nikampigia mchoraji mmoja wa pale Morogoro Stores ninayefahamiana naye. Naye hakuwa na mteja. Akaniuzia makopo sita ya rangi yaliyobaki nusu nusu, brashi nne, na tina ya kuzimulia rangi kwenye chupa ya maji. Seremala wa mtaani akanikatia hadibodi moja vipande vinane, futi mbili kwa mbili. Yule rafiki yangu aliniambia jambo moja tu kwenye simu: paka rangi ya chini kwanza, iache ilale, la sivyo utachora matope.

Jumamosi tukapaka rangi ya chini. Njano juu, chini inaingia rangi ya machungwa. Hiyo ilikwenda vizuri, vibao tukavilaza usiku jikoni.

Jumapili jua likatoka, tukatandika gunia chini ya mwembe. Binti akaanza chui. Alikuwa anachovya njiti ya kiberiti kwenye rangi nyeusi, anaigusisha kwenye ubao, ananyanyua, anaangalia doa lilivyokaa, anachovya tena. Ulimi nje, pumzi amezibana kila akigusa. Nimekaa na watu wazima waliolipia dola kuangalia simba na sijaona mtu anaangalia kitu vile.

Na mimi nikaharibu. "Mama," nikamwambia, maana ana jina la mama yangu, "huyo ni chui au duma?"

"Chui."

"Chui madoa yake si vidoti. Yamekaa kama maua, katikati wazi. Vidoti ni vya duma. Na mkia wa chui hauwi juu hivyo. Na miguu umeweka mitano."

Akafuta madoa kwa kidole, yakawa wingu. Akajaribu maua mawili matatu. Nikamwambia makubwa mno. Akaweka njiti juu ya kifuniko cha kopo taratibu, akanisogezea kibao.

"Basi chora wewe."

Ilinichukua muda kusikia nilichokuwa nafanya. Mtu nimekula mkate miaka tisa kwa kuwasifia wazungu chui asiyefanana na chui, halafu mwanangu namkagulia kama askari wa wanyamapori. Nikamrudishia kibao chake. Nikavuta kingine, nikasema mimi nachora tembo, kila mtu na lake.

Sijui kama kuna aliyewahi kunyamazishwa na tembo. Tumbo lilitoka vizuri, mgongo si haba, lakini mkonga ulikataa. Nikiupindisha unakuwa nyoka, nikiunyoosha unakuwa bunduki. Jasho linanitoka. Nikasikia mtu anapumua begani kwangu.

"Baba, huo ni mkonga au bomba?"

"Mkonga."

"Fanya mnene huku, mwembamba huku." Akarudi kwa chui wake, na sasa akawa anapiga vidoti bila woga, miguu mitano ile ile. Tukaenda hivyo, sisi wawili tukiulizana rangi tu. "Nipe nyeupe." "Chukua." "Usichanganye brashi." Utotoni mwangu mama yangu alikuwa anasuka ukili wa mikeka nasi tumemzunguka na vipande vyetu vya miyaa, na hakuwa anatufundisha chochote ninachokumbuka, alikuwa anasuka. Nilimkumbuka pale, kisha nikarudi kwenye mkonga.

Wawili, nimesema. Wa tatu nilikuwa nimemsahau.

Mdogo alikuwa amemaliza kazi yake mapema: kibao kizima kijani. Alipoulizwa ni mnyama gani alisema amejificha. Baada ya hapo akapata kazi nyingine. Alichukua kifuniko kikubwa cha kopo, kimejaa rangi ile nzito inayobaki pembeni, akakiweka kichwani kama sinia, akaanza kuzunguka mwembe anauza maandazi. "Maandazi motoooo!" Mimi nilisikia, nikaona anacheza vizuri. Alipoinama kumpa mteja andazi, sinia likainama naye.

Nikamkimbilia na maji. Maji yakateleza kama juu ya jani la mgomba. Nikamkimbilia na sabuni, rangi ikahama kutoka nywele kwenda mikononi, mikononi kwenda shingoni. Nikakumbuka tina, nikajizuia. Nikaenda kuchukua mafuta ya taa. Nilikuwa nafungua chupa geti dogo lilipolia.

Mama watoto akasimama pale pale. Viatu vya kazini, mkoba, barakoa imeshushwa kidevuni, macho ya mtu aliyekesha. Mdogo akageuka. Kwa mazoea alipiga hatua mbili kumwendea, halafu akajitazama mikono. Akainyanyua yote miwili juu, kama mtu aliyewekewa bunduki, akarudi nyuma hatua zake nne.

"Mama usinisogelee," akasema. "Leo na mimi siguswi."

Mke wangu alikalia ile ndoo ya kuogea, ina maji na kila kitu, maji yakamwagikia viatuni. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka, lakini kwa muda mrefu kuliko kichekesho chenyewe, na mwisho wake sikuweza kutofautisha. Mdogo naye anacheka kwa kuwa mama anacheka, mikono bado iko juu. Wako pale, hatua nne katikati yao.

Kisha akaiona chupa mkononi mwangu. "Mafuta ya taa? Kichwani kwa mtoto? Weka chini." Akaoga haraka kuliko siku zote, akatoka na khanga, akaagiza mafuta ya kupikia na kitana. Akampakata mtoto, hiyo ndiyo mara ya kwanza siku hiyo kumshika, akampaka mafuta, akawa anachana taratibu, akifuta kwa kitambaa. Nywele zilizogoma tulizikata kwa mkasi. Kwa siku kadhaa alikuwa na kichwa cha shamba lililopaliliwa na mlevi.

Saa nzima ilipita. Nilipokumbuka picha, nikarudi chini ya mwembe. Chui yupo, amekamilika. Na tembo wangu, tembo niliyemtolea jasho, alikuwa na madoa. Meupe na mekundu, mgongoni, masikioni, yameshuka kwenye mkonga kwa mstari mmoja ulionyooka kabisa, kila doa mbali na mwenzake sawasawa. Yule fundi wa chui alikuwa ameinama kwenye kona ya chini, anamalizia kitu.

Mdomo ulinifunguka. Nilikuwa na sentensi nzima kuhusu ngozi ya tembo. Nikaufunga.

"Unaandika nini?"

"Jina. Si ulisema anayechora anaandika jina?"

"Lakini hii niliichora mimi."

Akanitazama kwa huruma. "Wewe ulianza, Baba. Aliyemaliza ni mimi."

Picha ipo sebuleni, juu ya kabati. Wageni wakija husimama pale wakaisifia, wakamtafuta mwenye jina, wakauliza alikuwa na umri gani. Sita, anajibu, na haangalii upande wangu. S bado inatazama nyuma.