Nilivyoiondoa ekseli ya dramu kwenye Land Rover 110 na kuweka ya diski

Gari ni Land Rover 110 la 1986: breki za diski mbele, breki za dramu za inchi 11 nyuma, ekseli ya nyuma aina ya Salisbury. Ekseli yenyewe haikuwa na ubaya wowote. Salisbury ni ndugu wa Dana 60 ya Marekani, ni nzito na haivunjiki kirahisi. Tatizo lilikuwa breki. Dramu ikishapita kwenye tope hubaki na mchanga ndani, silinda za magurudumu huvuja, na kwenye mteremko mrefu kama Kitonga, gari likiwa na mzigo, dramu hupata joto, hutanuka na kuzikimbia shuu zake (vipande vinavyosugua ndani ya dramu), pedali ikazidi kushuka. Diski ikipata joto hutanukia kwenye pedi zinazoibana. Hiyo peke yake ilitosha kunishawishi.

Kwa Land Rover kazi hii ni nyepesi kuliko kwa Land Cruiser kwa sababu moja: breki ya mkono haiko kwenye magurudumu ya nyuma. Iko kwenye dramu ndogo nyuma ya transfa (gia boksi inayogawa nguvu mbele na nyuma), kwa hiyo hakuna waya wa kuhamisha wala kalipa (kinachobana pedi kwenye diski) maalumu ya kutafuta.

Nilichagua ekseli nzima ya mtumba kutoka 110 ya miaka iliyofuata. Salisbury ya diski ilifungwa kwenye 110 kuanzia karibu 1994 hadi 2002, na hukaa kwenye mikono inayoishika kwenye chesi, springi na boljointi zilezile bila kuchomelea kitu. Wapo wanaonunua stabu (mhimili mfupi unaobeba habu), habu, diski na kalipa peke yake. Inawezekana, ila ukijumlisha beringi, sili na bolti ndogondogo, mara nyingi ekseli kamili ni nafuu. Ekseli za baada ya 2002 niliziacha, kwa kuwa ni za muundo mwingine na hudai propela (shafti inayopeleka nguvu kwenye ekseli) ya urefu tofauti.

Kabla ya kulipa nilikagua mambo matatu. La kwanza ni uwiano wa krauni na pinioni, gia mbili kuu za difu. 110 hutumia 3.54 mbele na nyuma, na kwa kuwa gari huendesha magurudumu yote wakati wote, tofauti kati ya mbele na nyuma itaua transfa. Zuia habu moja isizunguke, zungusha nyingine mara mbili kamili, hesabu mizunguko ya flenji ya pinioni. Ikizidi kidogo tatu na nusu, ni yenyewe. Ikikaribia mitano, hiyo krauni ni ya 4.7 iliyotoka kwenye Land Rover 109 za zamani, iache hapohapo. La pili, nilifungua kifuniko cha nyuma chenye bolti kumi na kumulika meno kwa tochi. Usiruke hatua hii, maana difu ya Salisbury haitoki mbele kama ya ekseli ya Rover. Imejengwa ndani ya mwili wa ekseli, na kuitoa kunahitaji kifaa cha kupanua mwili huo, ambacho gereji nyingi hazina. Meno yaliyolika yakigundulika baada ya kufunga ni hasara tupu. La tatu ni pistoni za kalipa: zenye kutu ya vishimo zitakata sili mpya ndani ya wiki chache.

Vitu vipya nilivyonunua: diski mbili, seti ya pedi na pini zake, sili za habu, washa za kufungia nati za habu, gasketi za stabu, hozi ya breki inayoshuka kutoka chesi, bomba la breki la inchi 3/16, mafuta ya breki ya DOT 4 lita moja na oili ya EP90 lita mbili na nusu. Difu yenyewe inakunywa karibu lita 2.3.

Sasa usalama, na hapa nakuomba usome taratibu. Ukiinua gurudumu moja la nyuma, breki ya mkono haishiki gari, kwa sababu nguvu inapita kwenye difu na kutokea gurudumu lililo hewani. Ukifungua propela ya nyuma ni vilevile, labda difu ya kati (iliyo ndani ya transfa) iwe imefungwa ndipo magurudumu ya mbele yashikilie. Nilifunga difu ya kati, nikaweka vigingi vya mbao mbele na nyuma ya matairi ya mbele, kisha nikaegemeza chesi kwenye stendi mbili imara, mbele kidogo ya mahali mikono ya chini inaposhika chesi. Jeki peke yake haitoshi hata kwa dakika moja.

Kutoa ekseli ya zamani ni suala la mpangilio. Bolti zote nilizipaka mafuta ya kulegeza kutu siku mbili kabla. Nilianza na bolti nne za propela, zinazotaka spana ya 9/16, nikaweka alama ya rangi kwenye flenji. Ikafuata hozi ya breki, na mdomo wa bomba la juu nikauziba ili masta silinda (pampu ya breki) isikauke. Shokapu hutoka baada ya hozi, si kabla: shokapu ndizo zinazozuia ekseli isishuke kupita kiasi, na ukizitoa mapema uzito wote unaning'inia kwenye hozi. Ekseli ikiwa juu ya jeki niliishusha polepole hadi springi zikalegea, nikafungua vishikizo vyake vya chini, boljointi ya mkono wa juu wenye umbo la herufi A, na mwisho mikono miwili ya chini. Andaa watu watatu wenye nguvu wa kuitoa chini ya gari.

Ekseli mpya niliiandaa ikiwa bado sakafuni, ambapo unafanya kazi umesimama vizuri. Habu ndiyo iliyochukua muda wangu mwingi, na muda huo ulistahili. Diski hufungwa nyuma ya habu, na uso wa habu lazima usuguliwe hadi chuma king'ae. Punje ya kutu au rangi pale hufanya diski icheze, na pedali itakutetemesha mguu. Bolti za diski nilizikaza 73 Nm, za stabu 65 Nm. Beringi nilizijaza grisi kwa kiganja, nikaisukuma hadi itokee upande wa pili wa rola.

Nati ya kurekebisha habu ina saizi ya 52. Ikaze hadi 61 Nm huku ukizungusha habu, ilegeze robo mzunguko, kisha ikaze tena kwa 4 Nm tu. Washa mpya ifuate, halafu nati ya pili kwa 61 Nm, na kunja washa upande mmoja juu ya nati ya ndani na upande mwingine juu ya nati ya nje. Mafundi wengi hukaza kwa hisia ya mkono na kuacha beringi imebanwa. Matokeo yake ni habu kuungua, grisi kuyeyuka na kulowesha pedi. Flenji ya hafu shafti (shafti inayozungusha gurudumu) ni 65 Nm, kalipa 82 Nm.

Kalipa zina kulia na kushoto. Skrubu ya kutolea upepo lazima iwe juu. Zikibadilishana pande, skrubu hukaa chini, upepo hubaki juu ya pistoni, na utapampu pedali siku nzima bila kupata breki.

Wakati wa kurudisha, nati za bushi za mikono usizikaze gari likiwa hewani. Zifikishe tu, teremsha gari likae kwa uzito wake, ndipo ukaze. Bushi iliyokazwa ikiwa imepinda huraruka mapema. Bomba la kupumulia la ekseli nililizibua na kulirefusha hadi juu ya chesi. Likiziba, difu ikipata joto presha huisukuma oili kupitia sili za habu, na ukivuka mto difu moto hupoa ghafla na kuvuta maji.

Mabomba ya breki yalinichelewesha nusu siku. Gari la miaka ile lina nati za inchi sehemu moja na za milimita sehemu nyingine, na kwa macho zinafanana. Kanuni yangu: nati iingie kwa vidole mizunguko mitatu kabla ya kugusa spana. Ikigoma, si yake.

Masta silinda, sevo (inayoongeza nguvu ya pedali) na vali ya kupunguza presha ya nyuma nilichukua za gari lililotoa ekseli. Masta ya mfumo wa dramu inaweza kubakiza presha kidogo kwenye bomba. Dramu inaivumilia, lakini kalipa itabaki imeshika na pedi zitaungua. Na vali isiyofaa hufanya magurudumu ya nyuma yafunge kabla ya mbele, kitako cha gari kikakimbia kwenye kokoto.

Upepo nilitoa nikianza gurudumu lililo mbali zaidi na masta. Kwa usukani wa kulia: nyuma kushoto, nyuma kulia, mbele kushoto, mbele kulia.

Kuzilaza pedi mpya nilipunguza mwendo kutoka kilomita 50 hadi 10 kwa saa, mara kumi, bila kusimama kabisa na nikiacha nafasi ya kupoa kila mara. Kisha nilisogeza kiganja karibu na kila rimu bila kugusa. Ya kulia nyuma ilikuwa moto kuliko ya kushoto: pini ya pedi ilikuwa na kutu. Niliisugua, joto likalingana. Baada ya kilomita 500 nilikagua tena mlegeo wa habu, unyevu kwenye sili na nati za propela, ambazo hukazwa 48 Nm. Mbili zilikuwa zimelegea kidogo.